Penseli Kwanza, Wino Baadaye

Jumatatu, 3 Novemba

Mkuu wa shule kaniita ofisini kabla hata sijaweka mkoba chini. Habari mbili. Ya kwanza: mwaka huu mimi ndiye mshauri wa Kidato cha Pili. Watoto sabini na wanne, kila mmoja awe amechagua masomo yake ya mtihani ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo. Ya pili aliisema huku akiipangapanga stepla yake mezani, nikajua ni mbaya. Kuanzia mwakani, somo la kuchagua likikosa wanafunzi kumi na wawili, linafungwa.

Fizikia mwaka huu ninao wanane.

Na Fizikia ni mimi! Miaka kumi na tisa kwenye maabara ile ile, bomba lile lile linalovuja. Ikifungwa nahamia Hisabati ya Kidato cha Kwanza, nikafundishe sehemu, nusu na robo, mpaka nistaafu. Sina ugomvi na sehemu. Lakini sehemu haijawahi kumfanya mtoto apige kelele ya furaha kama anapoona sumaku mbili zinakimbiana mezani.

Sasa mimi huyu huyu ndiye naambiwa niwashauri watoto bila upendeleo. Ama Mkuu ananiamini sana, ama hajafikiri.

Nimeapa: sitapigia debe somo langu. Hata kidogo. Nilipopita kinyozini kumwambia mume wangu, akacheka hadi akazima mashine. Mteja mwenye kichwa nusu naye akacheka, na hata hanijui. "Wewe? Usipige debe?" Tumewekeana dau: nikishindwa kujizuia, vyombo naosha peke yangu mwezi mzima. Nikiweza, anaosha yeye.

Jumatano, 5 Novemba

Leo fomu za penseli.

Wazo ni langu na najivunia. Kila mwaka mambo ni yale yale. Mmoja akichagua, benchi zima linafuata. Mwaka jana wanne walichukua Kemia kwa sababu darasa la Kemia lina feni. Kwa hiyo mara hii fomu ni mbili. Ya kwanza wanajaza darasani kwa penseli, madawati yametenganishwa, midomo imefungwa. Hiyo inakaa kabatini kwangu na haioni mtu mwingine. Ya pili inakwenda nyumbani, inarudi Jumatatu kwa wino na sahihi ya mzazi.

Yule msichana tunayemwita Kwanini akanyoosha mkono. Nilijua tu.

"Mwalimu, kwa nini penseli?"

"Ili ukikosea usinililie."

Fizikia, Historia na Biashara zimepangwa saa ile ile kwenye ratiba. Ukichukua moja, mbili umeziaga. Nikahesabu mchana kwenye stoo ya maabara. Fizikia: kumi na wanne! Nikacheza. Ndiyo, nimecheza, peke yangu, kati ya mizani na chupa tupu. Mama wa usafi akafungua mlango, akanitazama, akaufunga taratibu.

Kitu kimoja kiliniuma. Kwanini ndiye kichwa changu bora cha Fizikia darasa zima. Kaandika Historia. Tena kaikandamiza penseli mpaka karatasi imetoboka.

Basi. Ndicho anachokipenda. Nimeapa.

Alhamisi, 6 Novemba

Mahojiano, watoto ishirini na wawili kwa siku moja. Koo limekauka.

Mmoja anataka kuwa rubani. Nikamuuliza kuhusu urefu, akakiri kwamba hata ngazi za maktaba hupanda akiwa amefumba macho. Mwingine amechagua masomo ambayo walimu wake hawapangi mazoezi wikendi. Kafanya utafiti kabisa, ana jedwali. Nikamwambia huyo utafiti wake ndio kipaji. Tumeanza upya kutoka hapo.

Mwalimu wa Historia, tunayemwita Karne kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kuitaja karne fulani, kapitisha kichwa mlangoni. Eti amesikia nafungua duka langu nawaelekeza wateja duka la jirani. Nikamwambia jirani ajiandae, wateja ni wengi. Kweli ni wengi. Penseli inampa thelathini na watatu, na yeye hata hajui.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku ya wazazi. Nimesimama tangu asubuhi, miguu si yangu.

Fundi cherehani alikuja na futi bado shingoni. Anataka binti yake achukue "yote yaliyo mazuri". Nikamwambia hayawezi kuingia yote kwenye ratiba. Akaitazama ratiba kwa jicho la mtu anayetazama kitambaa kifupi. Akasema basi Biashara, maana binti atakuja kumsaidia dukani. Binti alikuwa pembeni anakunja ncha ya kola. Najua penseli yake ilisema nini. Ulimi niliubana kwa meno. "Mzungumze nyumbani," ndilo lililonitoka.

Hilo lingemtoka mshauri yeyote. Si debe! Mume wangu anasema ni nusu debe.

Mama mmoja alikuja kumchagulia mwanawe, akakaa, akasoma orodha yote kwa kidole, kisha akauliza kama kuna fomu za wazazi. Hakuwa anatania. Alitaka Jiografia tangu akiwa msichana. Tulicheka wote wawili, halafu hatukucheka. Nikamwandikia jina la shule ya jioni.

Jumatatu, 10 Novemba

Fizikia ya wino: KUMI NA WAWILI!

Kumi na wawili kamili! Nimehesabu mara nne. Nimempigia mume wangu simu, nimesikia mashine ikizimwa. "Na hukupiga debe?" Sikupiga! "Haya, nitafute aproni."

Bomba la maabara leo limevuja nikaliona zuri.

Jumanne, 11 Novemba

Nimelinganisha penseli na wino, moja moja. Ningetamani nisingefanya, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Kati ya wale kumi na wanne wa penseli, tisa tu ndio wamebaki Fizikia. Watano wamehama. Na kwenye wino wamo watatu ambao penseli zao hazina Fizikia kabisa. Wa kwanza wao: Kwanini.

Nikamwita. Akajaribu kunidanganya, lakini hajui kudanganya, anauliza sana. Mwishowe akamwaga yote. Jumatatu ile alipeleka daftari la mahudhurio kwa Mkuu, akasikia mlangoni. Kumi na wawili au nafunga. Akarudi darasani akawaambia wenzake. Wino ulipokuja wakaulizana nani yuko Fizikia, wakapata tisa. Wakahitaji watatu. Basi wakapiga kura! Vikaratasi kwenye kofia, watatu wenye alama ya nyota ndio waende kumwokoa mwalimu.

"Mimi sikupata nyota," akasema. "Aliyeipata alikuwa analia. Nikabadilishana naye."

Nikakaa kwenye stuli. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Miaka kumi na tisa, na sijawahi kupendwa hivi. Kwa kofia!

"Ni miaka miwili tu, Mwalimu," akasema. "Tutavumilia."

Kuvumilia. Somo langu!

Jumatano, 12 Novemba

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kumwonea aibu. Asubuhi nilikuwa na fomu kumi na mbili, zimesainiwa, safi. Penseli ziko kabatini na ufunguo uko mfukoni mwangu. Ningenyamaza tu. Nilikunywa chai kikombe kizima nikiwa nimeamua kunyamaza. Ilikuwa chai tamu sana.

Halafu kengele ikalia, nikamwona Kwanini anaingia darasa la Karne anakimbia. Anakimbia! Kwangu huja vizuri, hujibu vizuri, hupata tisini. Kwangu hakimbii.

Nikawaita watatu, nikawarudishia fomu mpya, tupu. Wawili walipumua kama waliovua viatu vya kubana. Kwanini alikasirika, macho yamejaa.

"Sasa tulipiga kura bure!"

"Hamkupiga bure. Nitaikumbuka kofia hiyo mpaka nizeeke."

"Kwa nini basi unakataa?"

"Kwa sababu ukianza kusimulia mambo ya kale unasahau hata mapumziko. Nenda kamsahaulishe Karne naye."

Akanikumbatia, jambo ambalo haliruhusiwi. Akaenda.

Tisa. Wanahitajika watatu, na wamebaki wale watano waliohama. Waliobadili masomo mengine niliwaita wote, ndiyo kanuni niliyojiwekea. Hawa watano siwezi. Nikikaa nao mbele yangu, nitapiga debe hata kwa nyusi. Nazijua hizi nyusi zangu.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekwenda kwa Karne. Nimemweleza yote, mpaka kofia. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Nikamwomba awahoji yeye wale watano, kwa haki, kama angewahoji wa somo jingine lolote.

"Wawili kati yao wamekuja kwangu, dada," akasema. "Unataka niwahoji nije niwapoteze?"

"Nataka uwaulize."

Akacheka kile kicheko chake cha karne ya kumi na nane. Akakubali. Niliahidi penseli zisionwe na mtu, kwa hiyo niliwaita watano wote pamoja na swali moja tu: mnaruhusu huyu mwalimu azione? Wakatazamana. Binti wa fundi akawa wa kwanza kuitikia kwa kichwa. Wengine wakafuata. Nikatoka haraka na nyusi zangu.

Karne amewaandikia wazazi wao barua leo hii hii. Hakuniambia ameandika nini.

Ijumaa, 14 Novemba

Mkuu anataka orodha saa tisa. Sasa ni saa nane na dakika kumi na naandikia kwenye dawati la maabara, maana nisipoandika nitaanza kulamba ukuta.

Wako stoo, mlango wa pembeni. Karne na wale watano. Wazazi wameingia pia. Wangapi sijahesabu, nimegeukia dirishani makusudi. Ila futi ya fundi cherehani niliiona, ningekuwa kipofu nisingeiona.

Mume wangu katuma ujumbe: aproni imembana, lakini anaosha. Kumbe hata tukibaki tisa, nimeshinda dau.

Nikibaki na sehemu, nitazifundisha vizuri. Nimeshafikiria. Nitakata machungwa.

Huko ndani nasikia: Sauti ya Karne, nzito, inauliza. Sauti ya mtoto, ndogo, inakwenda, inakwenda, haikomi. Halafu fundi cherehani: cheko kubwa, la mtu aliyepatikana!

Saa nane na nusu. Karne kachungulia. Anataka fomu mpya.

Nimemuuliza ngapi.

"Leta kwanza."

Nimempa rundo zima, mikono yangu haifai kuhesabu. Kafika mlangoni, kageuka tena. Penseli zimetosha, anasema. Anaomba kalamu ya wino, wazazi wasaini—