Prosesa Iliyo Shingoni Mwangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Rabab Shukri Mitwalli
Umri: Miaka 22
Kazi: Mke wa Wagdi (imesahihishwa: mama wa nyumbani)
Makazi: El-Mahalla El-Kubra, nyuma ya kituo cha treni

Na ndiyo maana nilikuwa nakwambia pale mlangoni, Afande, kwamba mume wangu hajaiba dhahabu ya mtu. Hata mende hamuui, humtoa nje kwa kipande cha karatasi.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Oktoba, baada ya alasiri, kina mama wa jengo letu walikuja kunipongeza kwa ndoa. Walileta sukari na biskuti, wakafungua makabati yote kama ilivyo desturi, kisha wakataka kuona dhahabu niliyovishwa. Nikawaonyesha pete na bangili. Mama Inshirah, mwenye duka la kutarizi, akanishika mkufu.

"Na hiki kimraba chenye vipini vya dhahabu, vyembamba kama sindano?"

"Kimetoka ndani ya kompyuta, mama. Wagdi kanipa."

"Kompyuta ya nani?"

Nikacheka, nikasema hiyo ni siri yetu. Nilikuwa na furaha tu, Afande. Sikujua kwamba kikombe chake kilikuwa kimesimama hewani kwa sababu hiyo; kumbe alidhani Wagdi alinyofoa kwa siri kipande kingine, chenye dhahabu, ndani ya kompyuta yake. Kesho yake asubuhi mlimchukua Wagdi akiwa bado na mkate mdomoni.

Kuhusu kompyuta ya Mama Inshirah, nilikuwepo. Ilikuwa wiki moja kabla ya harusi, nimempelekea Wagdi dolma, zile mboga zilizojazwa wali, dukani kwake anakotengeneza kompyuta. Mama alisema, "Mwanangu, imekuwa nzito kama punda mgonjwa. Lakini bodi kuu usiiguse! Programu yangu ya kutarizi imesajiliwa kwenye bodi hiyo, na kampuni iliyoniuzia ilishafungwa. Ukiibadilisha nimekwisha."

Wagdi akamwambia atabadilisha prosesa tu, kile kimraba kilicho ubongo wa kompyuta, alete yenye kasi zaidi inayokubaliana na bodi ile ile. Kwanza aliisasisha programu ndogo iliyomo ndani ya bodi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Naiambia kuna mgeni anakuja, la sivyo haitamtambua." Akatoa feni, akafuta dawa kavu ya kupoza, akainua kishikizo, akatoa ya zamani na kuilaza mpya bila kuikandamiza, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Vidole vyake, Afande, laiti ungeviona…

(Shahidi ameombwa aendelee na kompyuta.)

Akaweka tone la dawa mpya, dogo kama punje ya dengu, akarudisha feni. Mashine ikawaka, programu ya kutarizi ikafunguka. Mama Inshirah akapiga vigelegele. Wagdi akampa ile prosesa ya zamani, naye akasema, "Ya nini mimi? Kaa nayo." Iko kwenye droo ya duka la Wagdi mpaka leo.

Niliyoivaa ni nyingine. Ilitoka kwenye kompyuta ya baba yangu, na ndivyo tulivyojuana. Kazi ya saa moja Wagdi aliijia mara tatu. Siku ya tatu baba alisema, "Kijana, kompyuta imepona. Wewe ndiye unaumwa."

Mkiziweka pamoja mtaona. Ya Mama Inshirah chini ni bapa, ina vitone tu, kwa kuwa vipini viko kwenye bodi yake. Yangu ina vipini vyenyewe. Haiwezi hata kukaa kwenye kompyuta yake.

Ndipo ukaagiza, Afande, ile ya kwenye droo iletwe, ukamwita Mama Inshirah. Mama akazigeuza zote mbili, kisha akajipiga kifua. "Yarabi! Nimemfunga mtoto wa watu! Na wewe, mdomo wako ulikuwa wapi? Siri, siri! Si ungesema tu ni ya baba yako!"

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nayakubali, ila kwenye jalada lenu palipoandikwa "mtuhumiwa" naomba paandikwe "Wagdi".

Sahihi: Rabab Shukri

Maelezo ya afisa: Ombi la mwisho halikukubaliwa. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa, na shahidi amerudishiwa mkufu wake.

Nyongeza kwa mkono wa shahidi: Mama Inshirah, usilie tena, na usituogope ngazini. Ziara yako haijalipwa. Tutakuja mimi na Wagdi kabla mwezi haujaisha.