Pahali Filme ya Mvua Inakosaka Sauti

Siku ya posho, 2/6/2001

Natoka kwa ciné ya Katembo, kama kila samedi. Tena filme ya Mvua. Tena bale bapumbavu banaikala kwa bancs. Jina yake ya kweli hakuna mutu anaijua, carton ya cassette ilipoteaka zamani. Tunaiita ya Mvua juu kuko bazungu bane banapiga roki juu ya camion ya mizigo, mvua inabanyeshea, na mwenye gitari anashuka, anapiga magoti kwa matope. Butembo muzima inajua kila neno. Batu banasema mbele bazungu bafungue kinywa.

Pale anapiga magoti, sauti inakufa. Machine ilikulaka bande ya cassette pale. Mikono inakimbia juu ya nyuzi na hausikie kitu. Basi batu banajaza ile pahali bo benyewe. Banapiga miguu chini, banalia na kinywa, weee, weee, kama mbuzi ya kuchinjwa. Banafikiri ile ni roki. Bure kabisa.

Mimi nilisikiaka ya kweli. Kisangani, niko kijana, naosha sahani kwa cercle ya bazungu, pahali banakunywaka na kucheza. Nilisimama karibu ya ampli, ile sanduku ya sauti, mpaka tumbo ikatetemeka, sahani ikaniponyoka. Roki haipitiake kwa masikio. Inapita kwa tumbo. Nikarudi huku, nikapiga gitari kupita batu bote ba Butembo na Beni. Najiambia: andika vile, Paluku. Nimeandika.

Siku ya yenga, 3/6

Pentekoste. Nyuma ya misa Katembo amenishika mukono inje ya kanisa, na ile kicheko yake ya kuuzisha. Anasema posho inakuja Kambale atatoka Beni na gitari yake. Pale sauti inakufaka, yeye atapiga, mutu muzima, mbele ya batu.

Kambale! Tulikuwaka orchestre moja. Mimi gitari ya kwanza, yeye ya pili. Nilimufukuza na mudomo yangu, akaenda Beni, tangu pale hatusemezane. Anapigaka kama mutu anamenya viazi.

Nikasema kwa nguvu, bakristu bote basikie: ile solo mimi naweza kuipiga na usingizi. Batu bakapiga makofi. Katembo akasema, "Bon, vieux, muzee wetu. Mutapiga bote babili, tuone mwanaume."

Nikasema ndiyo. Hii mudomo.

Siku ya pili, 5/6

Nimetoa gitari chini ya kitanda. Inangaa kupita kalisi ya padri. Mukono ya kushoto hapana. Vidole mbili ya mwisho imekauka, baridi ya huku iliikula pole pole. Nasukuma uzi, kidole inalala tu, kama samaki ya ziwa kule Kyavinyonge juu ya meza. Hakuna mutu anajua, ni Kahindo bibi yangu tu. Bengine nabaambiaka: sipigie bajinga.

Maji ya moto. Hapana.

Siku ya ine, 7/6

Katembo amebandika affiche kwa mulango ya ciné. Jina yangu mbele, ya Kambale nyuma. Ile ni haki. Lakini bamama ba kuuzisha viazi kwa soko banapiga kelele: "Muzee, utapiga magoti? Nani atakuinua?" Nimebajibu mambo ya kuacha kuandika. Bakacheka mpaka viazi ikabiringika.

Mafuta ya ngombe kwa vidole. Maji ya moto tena. Hapana. Kahindo amesema, "Baba Muhindo, sema tu uko mugonjwa." Nikamujibu siko mugonjwa, baridi ndiyo mugonjwa. Hakucheka.

Naogopa. Basoda balilalaka mu nyumba yangu na bunduki, sikuogopa vile.

Siku ya tano, 8/6

Masasi ya bunduki inalia kwa njia ya Beni tangu asubui. Camions imesimama. Banasema hakuna mutu anapita.

Nimefurahi. Kambale hatafika, mashindano hakuna. Batu banalilia bintu yao, banalilia bandugu, mimi nafurahi juu ya vidole mbili. Iko vile.

Kisha nikawaza: yeye alipanda camion gani? Nikaacha bugali kwa sahani.

Siku ya posho, 9/6

Kambale amefika. Na miguu, matope mpaka kwa magoti, mikono bure. Basoda balimunyanganya gitari kwa barrière yao ya njiani. Alijaribu kuishika, bakamupiga makofi. Amezeeka mubaya sana. Mimi bado.

Ciné ilijaa, batu mpaka kwa madirisha. Groupe ya umeme inanguruma inje. Katembo akasimama: gitari ni moja, ya vieux, basi vieux ndiye atapiga. Bote bakalia: "Vieux! Vieux!"

Nilikuwa na neno tayari. Bila mutu ya kushindana naye, sipige. Ningechukua gitari, ningetoka, na bangeamini. Kambale angebaki pale kama mutu habakumualika. Nikasimama juu ya kusema vile.

Yeye akakuja kunisalimia. Mukono yangu ya kuume ilikuwa kwa gitari, akashika ya kushoto na mikono yake yote mbili. Akasikia vidole. Mupigaji wa gitari anasikia. Akanitazama. Nikangojea acheke. Miaka yote ile ya matusi yangu, leo ilikuwa siku yake.

Akageukia batu: "Bandugu, huyu ndiye alinifunza. Mutoto anapigaka mbele. Muzee asikilize, kisha anisahihishe."

Mimi sikumufunza kitu. Mutu ya uongo mukubwa. Sikuweza hata kumutukana muzuri. Nikamupa gitari.

"Chukua. Onyesha batu vile haipigwake."

Ciné muzima ikacheka. Yeye pia.

Filme ikaenda. Mvua. Camion. Muzungu akapiga magoti, sauti ikakufa, na Kambale akapiga magoti pale chini ya écran, na matope yake ya kweli. Alichelewa kuingia. Kisha akaingia. Manjanja, mabati ya juu ya nyumba, ikaanza kulia. Batu bakasahau kupiga miguu. Mwanamuke moja ya viazi alishika kichwa kama kwa matanga. Mimi nilikuwa karibu ya ampli.

Tumbo ikatetemeka.

Pale iliisha, Katembo akaita: "Vieux, musahihishe!" Bote bananitazama. Kambale bado yuko kwa magoti.

Nikasema, "Alichelewa kuingia."

Kweli alichelewa.

Siku ya yenga, 10/6

Amelala huku. Kahindo amemupa bugali na sombe, akamuongeza, mimi hakuniongeza. Tumesema juu ya marehemu ba orchestre. Juu ya mukono, hata neno.

Pale anatoka nikamushikisha gitari. Nikasema ni ya kuazima, na asiisimamishe kwa jua kama anavyofanyaka. Akashukuru na luga yetu: "Wasingya, yaya." Hajawahi kuniita yaya, kaka mukubwa, hata pale tulikuwa bakijana. Nikamujibu aende, njia ni ndefu.

Pahali ya gitari chini ya kitanda Kahindo ameweka viazi.

Siku ya posho, 16/6

Chauffeur moja ya camion ametoka Beni. Kambale alifika. Gitari pia, aliifunga mu musambi, mukeka ya kulalia, basoda bakafikiri ni mugonjwa. Mujanja mubaya.

Jioni, filme ya Mvua. Bancs zilezile, bapumbavu balebale. Banasema maneno mbele ya bazungu, kama siku zote. Mvua. Camion. Muzungu akapiga magoti. Sauti ikakufa.

Hakuna mutu alipiga muguu. Hakuna mutu alilia na kinywa. Nikageuka nyuma nione kama batu bametoka. Bote bako pale. Banatazama ile mikono inakimbia, na bichwa inatikisika, pole, pamoja.

Nami nikasikia gitari ya Kambale. Leo hakuchelewa.