Siku Mwili Uliponidanganya

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Hapa Masuguru sote tu wazima. Bibi yako anakusalimu, na shangazi yako kule Kwedizinga ameshavuna mahindi.

Umemaliza mwaka mzima wa mbio ndefu, na sasa unauliza: "Babu, nitajuaje kwamba mwili umefika mwisho?"

Nami ujanani nilikuwa na mwaka kama huo. Mbio za mwisho zilikuwa za kutoka Handeni hadi Korogwe, na mimi na rafiki yangu Bakari tulikuwa mbele. Jua lilichoma, ila mimi nilihisi ubaridi mtamu na miguu myepesi. Bakari akanitazama, akashtuka.

"Idi, jasho limekukauka! Mama yako anaitwa nani?"

Nikalitafuta jina, sikulipata. Nikacheka, nikaongeza kasi. Akanirukia, akanibwaga chini. Nilimpiga ngumi, hakuniachia. Akawaita kina mama waliokuwa wakitoka kisimani, wakanimwagia maji yao yote, huku wenzetu wakitupita.

Baadaye akauliza tena.

"Mwanahawa," nikajibu.

Bakari akalia kama mtoto.

Mwili wangu haukuniambia kwamba joto lilikuwa karibu kuniua, Zuhura. Aliyejua ni Bakari. Katika mbio zijazo, nani atakuwa ubavuni mwako?

Babu yako,
Idi