Sauti ya Mama kwenye Wimbo wa Tatu

Kaka,

Nakusalimu kwa kuwa Mama alitulea hivyo. Cherehani yangu imepona.

Albamu mpya ya bendi yenu imetoka jana, na hapa karakana ya ushonaji mafundi wanaisikiliza tangu asubuhi. Wanasema magitaa yamezeeka vizuri, ila wimbo wa tatu umewaliza, ule unaoanza na bibi kizee kwenye simu: "Mwanangu, mbona hupokei? Njoo nikuone."

Wanamsifu mwigizaji! Huna haya, hujui vibaya. Ujumbe ule Mama alikuachia akiwa wodini, simu nikimshikia mimi. Mazikoni ukatuapia kwamba hukuupata.

Msimamizi wetu, shabiki wenu kwa miaka thelathini, ameniuliza huku akifuta machozi: "Unadhani huyo mwanawe alimpigia?"

Nimjibu nini?

Dada yako