Moshi wa Udi Kwenye Boneti

Alhamisi, baada ya Isha

Wiki tatu nimeinama kwenye boneti, na leo gari limeponywa na mtu aliyekuja kufukiza viti.

Gari langu hili la Kijerumani, enzi zake lilikuwa la kubeba mawaziri. Siku hizi likisimama injini ikiwaka, hutetemeka kama mzee mwenye homa. Plagi nimebadilisha, video nimetazama mpaka macho yakavimba. Fundi wa Mtopanga nilimkataa kwa ulimi wangu mwenyewe. Na Jumamosi ni harusi ya binti yetu, mimi ndiye niliyeapa kuwa hatapanda gari la kukodi. Hofu yangu ni lizimike njiani naye yumo ndani...

Alasiri injini ikiwaka, mke wangu Mwanaisha akatoka na chetezo cha udi. "Mwanangu hapandi gari linalonuka petroli," akasema.

Alipopita mbele ya boneti, moshi wa udi ukaacha kupanda. Ukapinda, ukafyonzwa pembeni mwa paipu moja ya mpira.

Ufa! Mwishoni kabisa, kwa chini, na injini ikivuta hewa hapo. Nikakata kipande kibovu, nikaibana paipu upya. Mtetemeko ukakoma.

Msikitini nimewaambia wenzangu kuwa ufa nimeugundua mwenyewe, kwa uchunguzi. Kufika nyumbani, habari ishamfikia Mwanaisha. Hakukasirika. Alinimiminia chai, akatabasamu.

"Waambie utakavyo, bwanangu. Jumamosi wakifungua mlango watajua. Gari lote lanukia udi wangu."