Maziwa Mabichi ya Mama Mkwe

Nakivale, Alhamisi

Huyu mama atanitia wazimu! Mama mkwe anatetemeka kwa homa aliyoipata kwenye maziwa mabichi, na bado hataki kuyachemsha.

"Ukichemsha maziwa, ngombe itakauka maziwa," ananiambia mimi, muuguzi niliyesomea Mbarara.

Nikamweleza polepole kwamba bakteria wa homa hii hawavunji seli za mwili ili kuingia. Wanashika vishikio vilivyo juu ya ngozi ya seli, kama mgeni anayebisha hodi, na seli yenyewe inawaingiza. Wakishajificha humo ndani, dawa inahangaika wiki nyingi kuwatoa.

"Basi kosa ni ya hiyo seli," akasema. "Iko na adabu mingi."

Kisha akanimiminia kikombe. Kwetu mkwe hakatai maziwa.

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa.