Vidonge vya Benoît

Tshopo, Kisangani, 9 Agosti 1956

Kwa mudogo wangu Élise, kule Yahuma,

Nakusalimia sana, mutoto wa mama yangu. Mugongo wako iko namna gani? Na mihogo, nguruwe wa pori wamekuachia hata kidogo? Mimi nakula, nalala, lakini uzima huu hauna faida. Kama kawaida mimi nasema, mujukuu wetu Benoît anaandika. Amekaa hapa mezani, uso kama wa mutu aliyetoka kuzika.

Anayekusomea asome polepole. Miezi miwili nimekuficha: walimukata Benoît muguu, wa kuume, juu ya goti. Usilie kwanza, sikiliza mpaka mwisho.

Unajua alivyokuwa. Jumapili akicheza mpira, wanawake wa hapa waliacha ndizi za lituma ziungue motoni. Siku zingine ni vitabu vyake, habari za muzee mumoja Mgiriki wa zamani aliyezunguka sokoni akiuliza watu maswali mpaka wanaona haya. Nilimuambia huyo muzee hakuwa na shamba? Kwangu ningemupiga na mwiko. Benoît alicheka, akasema koko, bibi yangu, wewe na yeye mungesikilizana. Nikaenda hata kwa yule Mgiriki wa duka la vitambaa, nikamuuliza kama ni ndugu yake. Akanijibu huyo walimunywesha sumu, zamani sana. Sikushangaa.

Bon. Mwezi wa tano walicheza na timu ya ng'ambo ya mto. Kijana wao Évariste akamupiga na kiatu kwenye muundi, ngozi ikapasuka, mufupa ukabaki muzima. Dispensaire walinipa vidonge, asubuhi na jioni, siku nane. Kidonda kikaoza, homa ikapanda, tukafika hopitali muguu ukiwa umekwisha kuwa mweusi. Na Lambert, golikipa wa timu ya Benoît, aliumizwa na musumari juma lile lile, akapewa vidonge vile vile. Leo anadaka mipira.

Watu wa Tshopo wamemubatiza Évariste jina la Shoka. Mama yake hauzi tena samaki kwenye soko letu, walimumwagia beseni lake chini. Kijana mwenyewe ameacha mpira. Kila Jumapili anavuka mto, anasimama uani na samaki mukononi, Benoît anageukia ukuta. Mimi nilimufukuza na maji machafu. Vitabu vimekaa kwenye sanduku. Benoît amesema mutu wa muguu mumoja hana kitu cha kutafuta humo.

Juma lililopita, tukiwa tunakula, alisema vidonge vyake na vya Lambert vilitoka chupa moja. Toka siku ile nilijua nitakuandikia barua hii.

Alors, Élise, sikiliza. Na wewe Benoît, andika, usisimame. Hukumeza kidonge hata kimoja. Muganga wa mizizi aliniambia dawa ya wazungu na gome la pori hazikai mwilini pamoja, moja itaharibu ingine. Na gome ndilo lingekurudisha uwanjani Jumapili ile, mimi nilitaka kukuona uwanjani. Nilikunywesha maji ya gome, nikakudanganya nimesaga vidonge ndani. Vidonge nilivitupa chooni. Homa ilipopanda nikaongeza gome. Hopitali waliponiuliza, niliapa kwa kaburi la mama yetu kwamba umevimeza vyote. Évariste alikupiga teke tu, kama wanavyopigana wote kwenye mpira. Muguu wako ni mimi nimeukata.

Élise, mwandiko umebadilika. Huyu ni Florentine, jirani, nimemuita amalize. Benoît aliandika mpaka neno la mwisho, akaweka nukta, akachukua magongo yake, akatoka. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Florentine alimukuta njiani akiuliza watu pirogi gani inavuka kwenda ng'ambo, kule kwa Évariste. Jua linashuka sasa. Nimefunika sahani yake, na ninajua hatakula.

Njoo umuchukue, mudogo wangu. Akirudi hapa kwangu ni kwa ajili ya nguo zake tu. Kama hutaki kuniona, simama barabarani, nitakuletea sanduku nje.

Salimia wote wa nyumba, shemeji, na watoto wa Georgette. Wa hapa kwangu wa kukusalimia hakuna.

Mimi dada yako,
Félicité
(alama ya kidole chake hapa chini)